Hoteli ya Mvinyo Isiyo na Maji ya Kunawa

Jumatano, 4 Juni
Sketi sita za shule. Mbili bado vifungo. Sindano ya cherehani imevunjika tena.

Damiani amepita kibandani, mara ya tatu wiki hii, eti kuangalia vitambaa. Bwana shamba mstaafu, mke alishafariki, vitambaa vya nini? Anataka jibu: nitaolewa naye au la. Amenialika Jumamosi twende Kasulu, kwenye lile shamba la mvinyo wa ndizi lenye hoteli. Nimemwambia jibu atalipata huko huko, mezani.

Ijumaa, 6 Juni
Nimepiga pasi kitenge. Binti yangu Jenista amenicheka kwenye simu mpaka akapaliwa. Eti mama ana mchumba. Na acheke.

Naogopa. Marehemu mume wangu nilimpigia goti na birika la kunawa miaka ishirini na miwili, kila mlo. Hakuwa mtu mbaya. Ila hakuuliza hata siku moja kama nimechoka. Kama kuolewa tena ni kwenda kuwa mtumishi wa mtu, heri nibaki na cherehani yangu.

Jumamosi, 7 Juni
Mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Tumefika saa saba. Chakula kimekuja saa tisa na nusu. Mhudumu alikuwa na simu yake, sisi tulikuwa na inzi wetu. Mvinyo mchachu. Damiani, aliyefundisha watu migomba maisha yake yote, akaonja na kusema ndizi hizi zimekamuliwa hazijaiva. Ugali wa muhogo umepoa, umekuwa jiwe. Samaki mmoja mkavu, mgebuka, wa watu wawili. Tumeletewa uma na kisu tulie ugali. Maji ya kunawa hakuna. Nikauliza. Mhudumu akanyoosha kidole kwenye bomba la uani. Bomba kavu.

Nikachemka. Nikamtazama Damiani. Sasa huyu atamfokea mtoto wa watu, au atakaa tu asubiri mimi nihangaike. Moja kati ya hayo, nilijua.

Akainuka, akaingia jikoni kwao. Akarudi na jagi na beseni la kuoshea vyombo, akachuchumaa mbele ya kiti changu.

"Mama Jenista, lete mikono."

Meza zote zikageuka. Mzee wa mvi anamnawisha mwanamke. Nikaona aibu, nikaona raha. Raha ikashinda. Maji yalikuwa ya baridi, naye hakuwa na haraka.

Ugali ule nimeumaliza wote. Njiani tumecheka kama watoto waliotoroka shule. Nimesahau kumpa jibu. Naye hakuuliza.

Jumapili, 8 Juni
Baada ya misa amekuja kula kwangu. Maharage kwa mawese. Chumvi imezidi kidogo.

Nimepiga goti kwa mazoea, nikamnawisha. Akalichukua birika mkononi mwangu, akaninawisha na mimi. Tukala. Katikati ya mlo nikamwambia ndiyo. Kiswahili kilinikwama, nikasema kwa Kiha: ego.

 Akaomba aongezewe maharage.