Nilikuja Kuhesabu Watu Wako

Mabatini, Mwanza
Jumatatu

Mdogo wangu Luhende,

Juzi Jumamosi, saa kumi jioni, pale uwanjani Kamanga, tulipoteza watu wote. Naanza na hilo usije ukadhani nimeandika kukujulia hali tu. Hata hivyo, hujambo? Wifi naye, kifua kimetulia? Huku sisi ni wazima, ila uzima wa mdomoni. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa Shigela wa kivukoni barua hii akufikishie mkononi.

Unajua mashindano yetu ya nyimbo hayana majaji. Vikundi viwili vinaanza pamoja, watu wanakwenda wanakopenda. Sisi tulianza na kama mia nne, kwa ajili ya sare mpya alizotushonea Bwana Pradip na ngoma ya Malimi. Ulipofungua mdomo upande wa pili, wakaanza kuondoka. Kufika wimbo wa tatu tulibaki na thelathini, na kumi na wawili kati yao ni ndugu zetu tuliovuka nao ziwa. Hao wangekwenda wapi?

Kinachoniuma ni kwamba hatukukosea popote. Mwaka mzima nimewafundisha, mimi niliyejifunza kinanda mwenyewe huku nakaanga samaki. Leo mama lishe na waendesha bodaboda wanapumua kwa tumbo, wanaingia pamoja, wanatoka pamoja, sauti ya pili haipotei tena. Wewe, ulipokuwa kwetu, ulikuwa unaniharibia. Unasimamisha wimbo katikati, unamsalimia kwa jina mtu aliyefika, unamtania kofia yake, kisha unarudi unapotaka. Nikakwambia huo ni uhuni, si wimbo, nikakuweka mstari wa nyuma. Wiki iliyofuata ukahamia Kamanga kwa wakweo, ukawa mwimbaji wao.

Sasa kikundi kinavunjika. Rose kasema mbele ya wote kwamba nimewafundisha kuimba vizuri mpaka hakuna anayetaka kusikiliza. Wakacheka, hata Malimi. Saba wameshasema marudiano ya huku Mwanza hawaji.

Kuna jambo sijawaambia. Wimbo wa nne niliwaacha, nikasema nafuata maji. Nilikuja kwenu kuhesabu watu wako. Nilikuwa nimefika mia mbili na kitu uliponiona. Ukakatisha wimbo, ukaimba kwamba dada Tereza kafika, mpisheni, kaacha samaki wanaungua jikoni. Watu wakageuka wakicheka. Na mimi, Luhende, nikaitikia. Niliitikia kwa sauti kubwa, makofi juu, hesabu ikanipotea yote. Niliporudi, Rose akaniuliza maji yako wapi.

Marudiano ni Jumapili. Nataka usimame mbele, upande wetu. Simamisha wimbo unapotaka, mtanie unayemtaka. Hawa wangu sasa wana pumzi ya kukusubiri mpaka urudi. Hilo nimewapa mimi, na huko kwa wakweo hulipati.

Wasalimie watoto, na wifi mwambie dagaa wake nimemwekea.

Usiniambie utaangalia. Unakuja au huji? Mpe Shigela jibu kabla ya kivuko cha mwisho cha Alhamisi. Ijumaa kwenye mazoezi nawaeleza habari ya yale maji, na nataka kujua kama nitayasema nikiwa na wewe pembeni, au peke yangu.

Dada yako,
Tereza