Kabla Hujapiga Window Upya

Marahaba, mjukuu wangu Zuhura. Huku Kondoa tupo, ila mama yako bado hana hamu ya kula.

Umeuliza kama upige window upya, yaani ufute vyote na kuweka Windows mpya, maana kompyuta yako inazima ghafla. Subiri. Mimi ni bibi yako kiukoo tu, umri tunakaribiana, na nilipokuwa chuoni Dodoma yangu ilizima hivyohivyo. Fundi akasema, "Dada, virusi havibembelezwi. Tunafuta vyote." Zikaondoka rekodi za sauti ya marehemu baba, nami sikuwa na nakala. Jioni ikazima tena. Fundi mwingine alichomoa RAM moja kati ya mbili, vile vijibao vya kumbukumbu vya ndani, kompyuta ikatulia. Ile aliyoichomoa ndiyo iliyokuwa mbovu.

Jaribu RAM moja moja kwanza, usifute kitu. Sauti ya baba siku hizi inanipotea.

Bibi yako, Mwajuma