Fito za Mjomba Dwight

Jumatatu, 3 Oktoba
Mume wangu Coy kapata kazi. Bomba la gesi, Wyoming, mpaka theluji ianguke. Jumatatu ijayo saa moja asubuhi awe pale kufanya jaribio la kuchomelea. Akichelewa, nafasi anapewa mwingine. Nimemwambia mwanetu Tessa tunahama na nyumba mgongoni kama konokono. Kacheka. Ana mwaka na miezi miwili, hucheka chochote.
Jambo moja linanisumbua. Jana tulivuta tela letu la kuishi hadi mjini kulijaribu. Nyuma ya gari ikainama, mbele ikapanda, usukani ukawa mwepesi. Lori lilipotupita, tela likaanza kutikisa mkia. Coy aliendesha polepole mpaka nyumbani, mikono yote miwili usukanini. Akishika hivyo, ujue kaogopa.

Jumanne, 4 Oktoba
Dukani. Muuzaji kasema tunataka kiungo cha kugawa uzito. Kina fito mbili za chuma zinazobana mkono wa tela, ule unaofungwa kwenye gari, ili uzito usikae wote nyuma ya gari, mwingine urudi kwenye magurudumu ya mbele. Ziko za aina nyingi. Kauliza mkono wa tela letu unalemea pauni ngapi. Coy kasema mia tatu na hamsini, ndivyo karatasi inavyosema.
“Karatasi ilipima tela tupu,” muuzaji kasema. “Kapimeni na masufuria yenu ndani.”
Bi Ottie wa tela la jirani kanifundisha. Miaka thelathini alifuata mabomba na marehemu mumewe. Unalaza ubao, kipande cha bomba chini ya ncha moja, mizani ya bafuni chini ya nyingine. Mkono wa tela unaukalisha juu ya ubao, futi moja toka kwenye bomba, mbili toka kwenye mizani. Unachosoma, zidisha kwa tatu. Mizani ilisema mia moja arobaini na tano. Shule niliiacha darasa la kumi, basi hesabu nikaiandika kwenye kiganja na kuirudia, nisije nikaaibika. Mia nne thelathini na tano.
“Fito za mia sita zinakutosha,” Bi Ottie kasema. “Usizidishe, mwanangu. Fito nene mno hazipindi. Na zisipopinda zenyewe, kitapinda kitu kingine.”
Dukani wanazo za mia sita. Kesho tunazifuata.

Jumatano, 5 Oktoba
Hatukwenda. Mjomba Dwight, aliyemlea Coy, kaja na fito zake mwenyewe, za lile tela kubwa aliloliuza. Nene kama mkono wangu. Zimepigwa chapa 1,200.
Nimesema ni mara mbili ya tunachohitaji. Mjomba kacheka.
“Binti, uliwahi kusikia mtu kafa kwa sababu chuma kilizidi nguvu?”
Nimemwonyesha kiganja changu.
“Kapimia mizani ya vitambi!” Coy kasema, naye kacheka.
Mjomba alipoondoka, Coy kaniambia taratibu, “Kazileta kwa mikono yake, na mgongo wake ule mbovu. Nimwambie nini? Sizitaki?”
Kwao chuma cha ndugu hakikataliwi. Wamejengana hivyo, wakipeana vipuri gari kwa gari. Nimeelewa. Sijakubali.

Ijumaa, 7 Oktoba
Kansas. Kwa fito za Mjomba gari limenyooka, tela haliyumbi kabisa. Coy anapiga mluzi. Nimeona haya kwa ubishi wangu.
Ila kila shimo tunalikanyaga kwa kishindo, kama tumegonga ukuta. Vijiko vyote vimemwagika sakafuni. Tessa analia akishtuka. “Atazoea,” Coy kasema. Naomba iwe kweli. Kazi hii ikishika, tutapata kiwanja chetu, hata kidogo.

Jumapili, 9 Oktoba
Kituo cha mafuta nje ya Laramie. Upepo unasukuma mlango wa gari usifunguke.
Nilikwenda kutoa maziwa ya Tessa kwenye tela. Rangi imechanika kwenye mkono wa tela, pale kishikio cha fito kinapobana. Ufa. Nimeingiza ukucha, ukazama.
Chuma cha tela letu ni chembamba. Fito hazikupinda. Kikapinda chenyewe.
Coy kapiga magoti, kautazama muda mrefu. Halafu kasimama.
“Robo saa. Kwani mimi kazi yangu nini?”
Kawasha mashine yake nyuma ya gari, kachomelea na kipande cha chuma juu. Mistari imelala kama magamba ya samaki. Nilijivunia, nikaogopa, vyote kwa pamoja. Ufa umezibwa, lakini fito ni zilezile.
Nimesema tuzitoe. Kasema bila fito upepo huu utatulaza mtaroni. Kweli. Nimesema tungoje duka lifunguliwe kesho, tununue fito za mia sita. Kesho saa moja ni jaribio. Kweli pia. Nimesema aende na gari tu, sisi tubaki kwenye tela. Kauliza wenye kituo, wakasema tela halilali hapa, litaburutwa.
Dereva wa lori aliyekuwa akijaza mafuta katuambia huko mbele, Elk Mountain, wamewasha taa za onyo la upepo barabarani. Matela mepesi yangoje upepo utulie.
“Letu si jepesi,” Coy kasema.
Dereva katazama chuma, bado kinafuka. Kamtazama Tessa. “Shauri yako, bwana.”
Coy karudi nyuma ya gari. Nikasikia anapandisha minyororo inayokaza fito, mmoja, wa pili.
Nilifungua mkanda wa Tessa. Halafu nikafungua na kiti chake, kiti chote, nikakitoa garini. Hatupandi. Sasa tuko ndani ya kituo, dirishani. Kiti kiko sakafuni, Tessa yumo, anakula biskuti. Naandikia mapajani.
Coy kawasha gari. Kapiga honi mara moja. Sasa kageuka nyuma, anatazama pale kiti cha Tessa kilipokuwa.