Si Godoro, Gunnvor

Gunnvor, supu ya samaki iko jikoni, ipashe moto taratibu. Mbwa ameshakula, asikudanganye.

~~Nimeenda kununua rangi ya uzio.~~ Nimeenda kwa daktari.

Asubuhi uliponiuliza, "Halvard, umenichoka?" nilijifanya nafunga kamba za viatu, kumbe nimevaa ndara. Sijakuchoka, mke wangu. Jogoo ndiye hapandi mtungi, miezi sasa, nami nikasingizia godoro, baridi, hata mbwa. Leo nimepiga simu kliniki, nesi akaniambia, "Hali hiyo ikizidi wiki kadhaa usikae nayo, baba. Huenda ni moyo, au sukari." Nimeogopa.

Ukiwahi kutoka kazini, nifuate huko. Nikiwa peke yangu nitamwambia daktari naumwa goti.

Mumeo