Ukurasa wa Hawayu

Jumatatu, 12 Januari

Theluji imefika dirishani. Nimekoroga chai, nimefagia mlangoni. Wanangu wanasema nisishike beleshi. Nani atanizuia.

Esperansi amepiga simu kutoka Columbus. Binti wa marehemu Mwalimu. Anataka kuchapa upya kitabu cha baba yake, zile insha juu ya tabia za Wamarekani. Nakala zimeisha. Zake ziliharibiwa na maji. Imebaki moja tu, yangu, hapa Buffalo. Anasema, "Mzee, bila wewe hakuna kitabu." Ni kweli. Nimewatangazia wote nyumbani.

Jumatano, 14 Januari

Kitabu hakina ukurasa mmoja. Niliuchana mimi.

Ilikuwa Louisville, kabla sijahamia huku. Mimi na Mwalimu ghala moja, mkanda mmoja wa kupitisha maboksi. Bosi akapita akasema hawayu, yaani u hali gani kwa Kiingereza. Nikamjibu. Goti, mke wangu, ng'ombe niliowaacha Burundi, miaka ya kambi Tanzania, vyote, kwa Kiswahili. Nikamshika mkono asiondoke. Mkanda ukasimama. Mwalimu akayaandika kitabuni. Mchungaji akasoma kanisani, watu wakalia kwa kucheka. Sikungoja amalize. Nikatoka, nikachana ukurasa kwenye nakala yangu.

Hapa Buffalo miaka yote nasema humo nimesifiwa.

Ukurasa uko kwenye Biblia, kitabu cha Hesabu. Huko hakuna asomaye.

Ijumaa, 16 Januari

Esperansi anakuja Jumapili. Nimemtisha na theluji. Kacheka. "Mzee, mimi nina matairi ya theluji!"

Basi halipiti. Gari sina. Nimenaswa kama panya ndani ya ndoo. Mjukuu wangu Neema anataka kuuona ukurasa wa babu, aupige picha. Nimesema macho yananiuma.

Nimewasha jiko, ukurasa mkononi. Nimezima.

Jumamosi, 17 Januari

Nimeusoma mwenyewe. Herufi moja moja, tangu chai ya asubuhi mpaka mchana. Niliishia darasa la pili, lakini kwa ubishi hata wa chuo hanishindi.

Upande wa mbele ni kichekesho kilekile. Upande wa nyuma sikuwahi kufika. Mwalimu anasema katika ghala zima ni mimi peke yangu niliyesikia kwamba lile ni swali. Anasema yeye, na vyeti vyake vyote, alirudi kazini baada ya kumzika mkewe, bosi akamwambia hawayu, akajibu fayini, yaani nzuri tu.

Siku ile nilisimama karibu naye. Mimi pia sikumwuliza. Nilikuwa najisifia beleshi jipya.

Aibu. Hii ndiyo aibu yangu, ile nyingine haikuwa kitu.

Jumapili, 18 Januari

Esperansi amefika. Nimempa kitabu, nimempa na ukurasa. Nimesema mbele ya wote, nilichana mimi. Neema akausoma kwa sauti, Kiswahili chake kinachechemea kuliko goti langu. Wamecheka sana. Nimekaa mpaka mwisho. Mwishoni hakucheka mtu.

Mlangoni, amevaa koti tayari, nimemwuliza Esperansi hali yake. Akasema nzuri.

Nikamwambia avue koti, aketi kwanza.