Pipa la Mama Aloyce

Pasua, Moshi

Mke wangu mpendwa, Mama Faraja,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye joto. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba Faraja anakula vizuri na kile kikohozi kimemwisha. Baba na mama hawajambo? Na yule ng'ombe wa mama aliyekuwa akipiga mateke wakati wa kukamuliwa, ametulia? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo imechoka, na nitakueleza kwa nini.

Najua utashangaa nimeandika barua wakati simu ninayo. Lakini umeona mwenyewe. Tukianza kuzungumza, salamu hazijaisha tumeshafika kwenye mbu, na tukishafika kwenye mbu wewe unasema neno, mimi nasema neno, halafu mtandao unakatika, au unaukata wewe, sijui. Kwenye karatasi nitasema mpaka mwisho. Anayekuletea ni mwenzangu wa kazini, tunaendesha naye matrekta kule kwenye miwa. Anakuja likizo kwao, na amesema atapita hapo nyumbani.

Siku ile stendi, ukiwa umembeba Faraja mgongoni, hata wiki haijaisha tangu atoke wodini, uliniambia, "Mimi kwenye nyumba ile sirudi mpaka mbu waishe." Nilikasirika. Nikasema moyoni, huyu ametoka Makete kwenye baridi, watu wanalala na mablanketi mawili, mbu anawaona kama mkosi wangu mimi. Nani aliwahi kuwamaliza mbu? Nilikaa siku nyingi nimenuna, nikirudi kazini nakaa peke yangu kitandani nasikiliza wanavyoimba. Halafu nikaona kununa hakumrudishi mtu. Nikaanza kazi.

Nikaanzia madirishani. Nilimwita fundi Evarist, yule seremala wa Majengo aliyetutengenezea meza. Nilitaka fremu nne zenye wavu, basi. Alikuja na futi yake ambayo ncha yake ilishakatika zamani, kwa hiyo kila akipima inabidi apunguze inchi kadhaa kwa kichwa. Akapima, akaandika kiganjani, akaondoka. Kila nikimpigia anasema yuko njiani, na nyuma yake nasikia watu wanacheza drafti. Siku alipozileta, kila fremu ilikuwa ndogo kuliko dirisha. Alikuwa amepunguza mara mbili.

Nikamwambia, "Evarist, hizi zinapwaya. Hapa pembeni anapita mbu na mke wake na watoto."

"Zitajaa tu, Baba Faraja. Mbao ikipata unyevu inavimba."

"Unyevu gani, na joto hili?"

"Subiri masika," akasema, na uso mkavu kabisa.

Mke wangu, nilitaka kumvika fremu moja shingoni. Nilinunua mpira wa baiskeli uliochakaa, nikaukata vipande virefu, nikavipigilia pembeni mwa fremu mpaka zikakaza. Vidole vyangu viwili bado vina kucha nyeusi.

Unadhani mbu waliisha? Wakahamia juu. Kumbe pale ukuta unapokutana na bati kuna uwazi pande zote, na silingi bodi ya chumbani ina lile tundu ambalo fundi umeme aliliacha. Nikapanda juu ya meza na viroba vya sukari, nikaziba kila mahali. Sasa chumba hakipati hewa. Ikifika saa kumi za jioni ukuta unachemka kama umebeba moto, na ukiwasha feni umeme unakatika papo hapo kama walikuwa wananisubiri. Nimelala na kitambaa kibichi kifuani. Na bado, nikiamka, mgongo una vipele. Niliuliza kwa sauti, peke yangu, "Hivi ninyi mnapita wapi?"

Hapo ndipo nilipotoka nje kutazama wanakotoka badala ya wanakoingilia.

Mama mwenye nyumba wetu, Mama Aloyce, unamjua. Alipoteremka kutoka Uru mlimani kwa sababu ya magoti, aliteremka na kihamba chake chote, shamba zima la nyumbani. Migomba mpaka dirishani kwetu, magimbi hadi kwenye mlango wa bafu. Na ili kumwagilia vyote hivyo ana yale mapipa matatu nyuma ya jiko, yako wazi mwaka mzima. Nilichungulia moja. Maji yalikuwa yanacheza. Viluwiluwi, mke wangu, wamejaa mpaka uso wa maji unatikisika, wanapanda wanapumua, wanashuka.

Nikaenda kwake kwa adabu zote.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndizi."

"Asante, Mama. Nimekuja kwa ajili ya yale mapipa. Kuna viluwiluwi wa mbu ndani. Naomba tuyamwage, halafu nitengeneze mifuniko."

Akacheka. "Viluwiluwi ni watoto wa chura, Baba Faraja. Hukusoma shule? Na chura anakula mbu. Ukiwamwaga hao ndiyo umewasaidia mbu wako."

"Mama, hao si wa chura. Wa chura ni wanene, wana kichwa."

"Kila mtoto ana kichwa. Kule Uru tulichota maji ya mfereji na vidudu vyake tukanywa, na nimezaa watoto saba. Maji ya kufunikwa yananuka. Acha mapipa yangu."

Nikatengeneza mifuniko kwa bati kuukuu. Nikirudi kazini naikuta imelala chini ya mgomba. Naifunika tena. Asubuhi iko chini tena. Hatukuwa tunasemezana kuhusu hilo, ni mifuniko tu ndiyo ilikuwa inasemezana. Kuna siku nilikuta ameanika mahindi juu ya mmoja.

Basi nikachota maji ya pipa kwenye chupa tupu ya jamu, nikafunika mdomo kwa kipande cha chandarua, nikakaza kwa mpira. Nikampelekea sebuleni, nikaiweka mezani mbele yake.

"Usiniletee uchafu ndani," akasema.

"Mama, naomba ikae hapa siku chache. Wakitoka vyura, mimi nitayajaza mapipa yako kwa ndoo wiki nzima na sitalitaja tena neno mbu. Wakitoka mbu, utaniachia nifunike."

Mama Aloyce hapendi kushindwa, hilo unalijua. Akaichukua chupa, akaiweka dirishani chini ya picha ya Bikira Maria, akasema, "Wakitoka vyura nitakuita na majirani waje wakuone."

Siku za kwanza nikipita ananiambia, "Wanakua vizuri. Wamenenepa." Baadaye akawa ananiuliza habari za kazi tu. Jumapili, niko nje nafua, akarudi kutoka misa. Hazikupita dakika nyingi nikasikia anamwita Mungu kwa Kichagga, "Ruwa wangu! Baba Faraja! Njoo!" Nilikimbia na povu mikononi. Alikuwa amesimama na kitenge chake cha kanisani, ameishika chupa kwa mkono ulionyooka kama ameshika nyoka. Chini ya kile kipande cha chandarua walikuwa wametulia mbu, wengine wanagonga kioo.

Akaniuliza taratibu, "Na wale wa kwenye mapipa, miaka yote hii?"

"Hivyohivyo, Mama."

Akakaa kitini. Halafu akainuka na kwenda kuyapindua mapipa yeye mwenyewe, na magoti yake yale, nami namfuata nyuma nikimwomba anisubiri.

Ungedhani sasa nimepumzika. Hapana. Sasa amekuwa askari. Alfajiri, sijavaa hata shati, anagonga: "Baba Faraja, umeangalia chini ya jiko? Umeangalia sahani ya nyuma ya friji?" Amewapindulia majirani makopo, matairi, mpaka bakuli la kuku. Magimbi ya bafuni ameyang'oa, halafu akasema ni mimi niliyeyaponza. Mwenye genge pale kona amemfokea kwamba ameharibu ndoo yake nzuri, wakagombana, wakaja kwangu niamue. Nimetoka kazini, mwili wote unanuka dizeli, ninaamua kesi ya ndoo. Evarist naye amepita akaona mambo yamebadilika, akasema, "Si nilikuambia zitajaa?" Nikamwonyesha kucha zangu nyeusi.

Lakini mbu wamepungua. Sisemi wameisha, sitakudanganya. Mtaro wa barabarani ni wa watu wote na hauna mwenyewe. Jioni bado wanakuja wachache, na bila chandarua mtu hawezi kulala hapa. Ila viroba vya juu nimevitoa, nimepigilia wavu badala yake, hewa inapita, na ule wimbo wa usiku kucha sijausikia tena.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue karatasi.

Juzi Mama Aloyce aliniletea bakuli la mtori wa ndizi, akakaa mlangoni, akaniuliza mtarudi lini. Ulipoondoka nilimwambia umeenda kumsalimia mama yako. Siku hiyo nilichoka kudanganya. Nikamweleza kwamba homa iliyomlaza Faraja hospitalini ilikuwa malaria, kwamba alipata degedege, na kwamba umeondoka kwa sababu hiyo. Akajishika kichwa. Akasema, "Na mimi nilikuwa nawafuga nyuma ya jiko." Nikamwambia asijilaumu. Akauliza tena, bila ubaya wowote, "Kwani mtoto hakuwa na chandarua?"

Nikainuka nikaenda kuosha bakuli lake, na mtori bado umo ndani.

Mama Faraja, unakumbuka ulipokwenda msibani Same ukaniachia mtoto? Usiku wa kwanza alilia kwa joto, anavuta chandarua, anapiga miguu. Nilikuwa nimetoka kazini nimechoka. Nikakikunja nikakifunga juu, akalala. Usiku uliofuata sikukishusha, na wa tatu pia. Uliporudi ukaniuliza, "Mlikuwa mnalala kwenye chandarua?" Nikasema ndiyo. Hazikupita wiki mbili Faraja akaanza kuchemka mwili. Hospitalini daktari alituuliza swali lilelile, ukamjibu wewe kwa niaba yetu, "Kila siku, daktari." Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yako, nikanyamaza.

Ndiyo maana ukaamini kwamba ni nyumba, kwamba hata ndani ya chandarua mtoto wako hayuko salama. Ungeamini nini kingine? Na mimi nikakuacha uondoke na imani hiyo, nikakuita mkaidi. Nimesikia kwamba huko nyumbani wapo wanaosema umemkimbia mume kwa ajili ya mbu, na kwamba baba amekuuliza mara mbili kuna nini hasa. Nilisikia, na sikusema kitu. Nilikaa huku nimekasirika na seremala, na mama mwenye nyumba, na umeme, na wewe. Kila mtu nilimkuta na kosa.

Naomba sehemu hii umsomee baba. Usiifupishe. Mwambie ni maneno ya mkwe wake mwenyewe, kwamba binti yake hakukimbia mbu, alikuwa anamlinda mtoto kwa kile alichoambiwa, na aliyemwambia uongo ni mimi. Kama atakasirika, ana haki. Mwezi ujao nina siku kumi za likizo. Nitapanda basi nije, nikae mbele yake niseme kwa mdomo wangu, mkiwa mmeshaijua habari, ili nisipate nafasi ya kuipaka sukari.

Sikuombi urudi nami. Utaamua ukishaniona na ukishanisikia. Ukisema mbakie huko mpaka masika yapite, nitawaletea nguo za mvua. Ukisema hutaki kuniona kwanza, niambie, nitakaa.

Mfikishie mama shikamoo yangu, na umwambie nimekumbuka viazi vyake. Baba naye shikamoo, hata kama hataipokea siku atakaposomewa barua. Mdogo wako wa kike mpe hongera ya kufaulu. Bibi yako mzaa baba mwambie dawa ya miguu nimeipata na itakuja na huyu mleta barua. Mama Aloyce anakusalimu sana, anasema ukija usimwamkie mpaka akuombe radhi kwanza, nami nimemwambia foleni ya kuomba radhi inaanza na mimi. Faraja mbusu kwenye paji la uso, pale anapopapenda.

Ni mimi mumeo, niliyechelewa kukwambia ukweli,

Edson, Baba Faraja