Mtungi wa Kukhu Musimbi

Shieywe,
S.L.P. 1184,
Kakamega.
17 Septemba 1996.

Mpendwa ndugu yangu Jairus,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko Mwanza? Zipporah na watoto wazima? Na lile goti lako limepoa, ama bado unachechemea? Sisi huku tu wazima. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamekubali, na miwa bado iko shambani ikingoja kukatwa, kama kawaida. Mama anakula na analala. Salamu zake nitaziweka mwisho, na utaona kwa nini.

Jairus, nimekasirika, na sitaki kuzungukazunguka.

Sanamu ya Kukhu Musimbi, nyanya yake Baba, ilifunuliwa Jumamosi kule nyumbani, pale lukoba, kwenye lile boma la ukuta wa udongo ambamo wazee wetu walizingirwa na askari wa mzungu. Watu walijaa. Kitambaa kilipovutwa wakapiga makofi na vigelegele. Nikamtazama Mama. Mikono yake ilikuwa mapajani. Kukhu amesimama pale, saruji tupu, kashika mkuki na ngao, kifua mbele kama askari jela.

Mkuki, Jairus! Kukhu alishika mkuki lini? Umekua ukiambiwa habari zake kama mimi. Mikuki ilikuwa tele mle ndani, kilichokosekana ni maji. Chemchemi ilikuwa chini ya kilima, upande wa bunduki. Yeye ndiye aliyetoka mchana kweupe, mtoto mgongoni na mtungi kichwani, akateremka mbele ya hao askari, akachota, akapanda. Kesho yake tena. Siku walipoutoboa mtungi kwa risasi, aliziba tundu kwa kiganja na kigae kikamkata, lakini maji yalifika. Hivyo ndivyo vita vyake.

Mama alipoona wanachofanya, fundi akiwa bado kazini, alimwendea jirani yetu Isaiah Makhanu, mwenyekiti wa kamati, akamweleza kwa upole. Unajua alijibiwa nini? "Mama Jairus, nani atasimamisha gari kuangalia mtu anachota maji? Ata bibi yangu anachotanga!" Mama aliposhikilia, akaambiwa yeye ni mtu wa kuolewa tu, Musimbi ni nyanya wa marehemu Baba, na mambo ya lukoba ni ya mwenye boma. Tena mwenye boma ameshakubali.

Mwenye boma ni wewe. Ati walikupigia simu kazini ukasema, "Fanyeni mnavyoona." Haki, Jairus, ulisema hivyo? Hata kuuliza Mama anaonaje hukuuliza?

Mama ndiye aliyemwogesha Kukhu uzeeni, akamkata kucha, akaligusa lile kovu la kiganjani kwa vidole vyake. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Na kwani Kukhu mwenyewe alizaliwa hapa? Si naye aliolewa tu kama Mama? Hilo nilimuuliza Isaiah, akaanza kutafuta kofia yake.

Sasa sikia yaliyotokea siku yenyewe. Wageni wako hemani, sima imeiva, kuku wameiva, na gari la maji limekwama kwenye matope. Isaiah akaja mbio jikoni: "Akina mama, haraka chemchemini, wageni hawajanawa!" Chemchemi ile ile! Wanawake wakabeba ndoo. Mama akasimama, akasema, "Wekeni chini." Wakaweka. Akamgeukia Isaiah: "Mwambie huyo mwenye mkuki awachotee."

Jamani! Hakuna aliyesogea. Hao waheshimiwa walikaa wakitazama kuku wakipoa, halafu wakaondoka mmoja mmoja na njaa yao. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini tulipofika nyumbani Mama aliketi kitandani akalia. Alisema anaogopa kufa na mkuki ule ungali pale, maana watoto watajua huo tu, na Kukhu atakuwa amepotea kabisa.

Kamati sasa inasema sanamu inaweza kubadilishwa, lakini lazima mwenye boma aje aseme mwenyewe, amesimama lukoba. Inaniudhi kwamba maneno ya Mama hayatoshi. Lakini ndivyo ilivyo, na ulimi ulioharibu ni wako. Njoo Desemba, usiniambie habari za kazi.

Salamu za Mama ni hizi: "Mwambie akija asipitie nyumbani. Apitie chemchemi. Mtungi wangu ataukuta pale, na ngata yake. Achote, aubebe kichwani, apande nao mpaka lukoba watu wote wakimwona. Hapo nitamsalimia."

Nisalimie sana Zipporah, Beverly na Mitchel. Mungu awatunze, na hilo goti alipe nguvu upesi, kwa sababu kile kilima ukiwa na mtungi kichwani si mchezo.

Wako akupendaye hata nikiwa na hasira hizi,
Dada yako,
Phoebe.